Fundi wa Chumba cha Upasuaji

Watu wazungumzapo juu ya upasuaji humtaja daktari aliyeshika kisu. Ni nadra kumtaja mtu aliyemkabidhi kisu hicho. Walakini kabla mgonjwa hajalazwa juu ya meza, na kabla daktari hajaingia chumbani, mtu huyo wa pili amekwisha kunawa mikono mpaka viwikoni, amevaa joho na glavu, amevipanga vyombo kwa utaratibu wake, na amevihesabu. Kazi inapoendelea husimama karibu na daktari na kutoa kisu, mkasi, koleo au sindano yenye uzi, kila kimoja kwa wakati wake. Kazi inapokwisha huvihesabu tena, kipande kwa kipande, pamoja na kila kitambaa kilichotumika kufyonza damu. Maana kimoja kikikosekana, huenda kimesahauliwa ndani ya mwili wa mgonjwa.

Katika nchi ya Marekani mtu huyu ana jina lake, chuo chake na mtihani wake. Si daktari, wala si muuguzi. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita fundi wa chumba cha upasuaji. Kwetu Kenya sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na wauguzi waliosomea utumishi wa chumba hicho, na kwa hiyo msomaji huenda akashangaa kusikia kwamba kwingineko imekuwa fani peke yake. Jambo hilo halikupangwa na mtu mmoja, wala halikuanzia chuoni. Lilianza kwa dharura, likaendelezwa na watu wengi waliofanya kazi vizuri bila cheti chochote, na chuo kilikuja nyuma yao kukusanya yale waliyoyajua.

Ili kuelewa jambo hili hatuna budi kurudi nyuma hadi zama ambazo mpasuaji alisifiwa kwa wepesi wa mkono tu. Kabla ya katikati ya karne ya 19 mgonjwa alikatwa akiwa macho. Daktari bora alikuwa yule aliyeweza kuuondoa mguu kwa muda wa dakika chache, kwa kuwa kila dakika iliyozidi ilikuwa mateso matupu. Msaidizi wa daktari katika siku hizo alichaguliwa kwa mabavu yake. Kazi yake kubwa ilikuwa kumshika mgonjwa asijitupe. Vyombo vilifutwa kwa kitambaa na kurudishwa sandukuni, na joho la mpasuaji lililoganda damu lilikuwa ishara ya ukongwe wake kazini.

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na daktari John Collins Warren akamkata uvimbe shingoni bila ya mgonjwa kupiga kelele. Siku ile ndiyo iliyomwondolea msaidizi mwenye mabavu kazi yake. Mgonjwa aliyelala hahitaji kushikwa. Lakini usingizi ule ulileta hatari nyingine: daktari sasa aliweza kukata polepole, na kufika ndani zaidi ya mwili, na kadiri kidonda kilivyokuwa kikubwa ndivyo kilivyooza kwa urahisi. Watu wengi waliponea mezani wakafia kitandani.

Dawa ya msiba huo ilianza kuonekana mwezi wa Agosti 1865 mjini Glasgow. Joseph Lister alimtibu mvulana wa miaka 11 aliyekanyagwa na gurudumu la mkokoteni, mfupa wa mguu ukavunjika na kutoboa ngozi. Vidonda vya namna ile kwa desturi viliishia katika kukatwa mguu au kifo. Lister alikifunga kidonda kwa vitambaa vilivyoloweshwa asidi ya kaboliki, na baada ya majuma sita hivi mfupa ulikuwa umeunga. Katika miaka ya 1880 madaktari wa Kijerumani waliendelea mbele, wakaanza kuvitakasa vyombo na vitambaa kwa mvuke wa moto kabla ya kazi kuanza. Tangu hapo msaidizi wa mpasuaji hakutakiwa tena kuwa na nguvu. Alitakiwa kuwa mwangalifu.

Hapa pana kisa ambacho wanafunzi wengi wa udaktari hukijua, ila maana yake mara nyingi hupitwa. Katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889, mkuu wa upasuaji alikuwa William Halsted. Muuguzi aliyesimamia chumba chake, Caroline Hampton, alikuwa akiumia: dawa kali ya zebaki iliyotumika kutakasa mikono ilimbabua ngozi. Halsted akaiandikia kampuni ya mpira ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba. Alizipenda, na mwaka 1890 Halsted na Caroline wakaoana. Miaka kadha ilipita ndipo madaktari wenyewe wakaanza kuvaa glavu katika kila upasuaji, wakaona kuwa vidonda vinavyooza vimepungua. Basi glavu, ambayo leo huhesabiwa kuwa ngao ya mgonjwa, ilikuja chumbani humo kwa ajili ya mikono ya mtu aliyepokeza vyombo.

Kwa muda wa nusu karne kazi hiyo ilikaa mikononi mwa wauguzi, na hapakuwa na sababu ya kuiondoa. Sababu ililetwa na vita. Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi wa Desemba 1941, na mara hospitali za jeshi zilitapakaa kutoka visiwa vya Pasifiki hadi Afrika ya Kaskazini na Ulaya. Wauguzi hawakutosha. Tena, wauguzi wakati huo walikuwa karibu wote wanawake, na wanawake hawakupelekwa katika manowari za kupigana. Kwa hiyo jeshi la nchi kavu na jeshi la majini yaliwachukua askari wa kawaida, vijana waliotoka mashambani na viwandani, yakawafundisha kwa muda mfupi kutakasa vyombo, kuandaa meza, kuvaa glavu bila kuichafua, na kumpokeza daktari anachohitaji. Hao ndio mafundi wa kwanza wa chumba cha upasuaji kwa maana ya leo.

Jinsi elimu ndogo iliyoshikwa barabara inavyoweza kufika mbali ilionekana tarehe 11 Septemba 1942. Nyambizi ya Kimarekani iitwayo Seadragon ilikuwa katika bahari zilizodhibitiwa na Wajapani wakati baharia mmoja wa miaka 19, Darrell Rector, aliposhikwa na maumivu makali ya kidole tumbo. Hapakuwa na daktari chomboni. Alikuwako mhudumu wa dawa tu, Wheeler Lipes, kijana aliyewahi kuona upasuaji wa namna hiyo hospitalini lakini ambaye hajawahi kumpasua mtu. Nahodha akaizamisha nyambizi kina cha mita zipatazo 36 ili itulie, na mgonjwa akalazwa juu ya meza ya chakula ya maofisa.

Vyombo vyao vilikuwa vya ajabu. Kisu hakikuwa na mpini, wakakibana kwa koleo. Chujio la chai lililofunikwa kwa kitambaa likawa cha kumvutishia mgonjwa etha. Spiriti ya kutakasia ilitolewa katika mitambo ya topido. Vijiko vya mezani vilipindwa na kutumika kuishikilia midomo ya kidonda isijifunge. Kazi ilichukua muda wa saa mbili na nusu hivi, Rector akapona, na kabla ya majuma mawili kupita alikuwa amerudi katika zamu yake.

Mwandishi wa gazeti George Weller alikiandika kisa hiki, akapewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1943, na nchi nzima ikausifu ujasiri wa Lipes. Mimi naona kuna jambo moja dogo ndani yake linalostahili sifa zaidi ya ujasiri. Mabaharia wale walihesabu. Mtu mmoja aliandika kila kitambaa kilichoingia tumboni na kila kilichotoka. Vijiko vilihesabiwa mara mbili, na watu wawili tofauti: nahodha kwa upande wake na mpishi kwa upande wake. Chini ya bahari, na adui juu, watu ambao hawakuwa madaktari walielewa kwamba ushujaa wote ungekuwa bure kama kijiko kimoja kingebaki ndani ya tumbo la mwenzao. Wakubwa wa utabibu jeshini hawakufurahishwa na tendo lile, maana waliogopa kwamba wengine wangeiga bila akili. Nishani Lipes alipewa mwezi wa Februari 2005, akiwa mzee, miezi michache kabla ya kufa kwake. Rector hakuiona siku hiyo. Alikufa mwaka 1944 ndani ya nyambizi nyingine, Tang, iliyozamishwa na topido yake yenyewe iliyogeuka njiani.

Vita vilipokwisha mafundi hao walirudi makwao. Wakati uo huo mahitaji ya hospitali nchini yaliongezeka kwa haraka. Sheria ya mwaka 1946, inayojulikana kwa majina ya maseneta Hill na Burton, ilitoa fedha za serikali kuu kujenga hospitali mpya, nyingi katika miji midogo na mashamba. Jengo hujengwa kwa mwaka mmoja au miwili. Muuguzi hapatikani kwa upesi huo. Basi hospitali zikawaajiri askari wa zamani waliokwisha kuzoea kazi, na walipopungua zikaanza kujifundishia mafundi zenyewe. Vita vya Korea, vya mwaka 1950 hadi 1953, pamoja na hospitali zake za mahema zilizohamahama nyuma ya majeshi, vilileta wengine.

Kufundishwa na hospitali moja moja kulikuwa na kasoro iliyo wazi. Kila mahali palikuwa na desturi yake. Fundi aliyejifunza mashariki aliweza kufika magharibi akakuta vyombo vinapangwa kinyume, na hata hesabu ya vitambaa haifanywi kwa namna aliyoizoea. Wengine walifundishwa mwaka mzima, wengine miezi michache, na wengine walitazama tu mpaka wakaambiwa waoshe mikono. Mgonjwa hakuwa na njia ya kujua ni yupi kati yao aliyesimama karibu na tumbo lake.

Pamoja na kasoro hiyo kulikuwa na dhuluma, na juu ya dhuluma hiyo sioni mfano ulio bora kuliko maisha ya Vivien Thomas. Yeye hakuwa hasa mpokeza vyombo. Alikuwa fundi wa maabara ya upasuaji. Lakini alisimama mahali pale pale, baina ya ujuzi mkubwa na jina dogo, na habari zake zimeandikwa na kujulikana vizuri.

Thomas alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Louisiana, akakulia Nashville. Alikuwa Mwafrika wa Marekani, mwana wa seremala, naye mwenyewe alijifunza useremala. Alikuwa akiweka akiba ili asome udaktari. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, kazi zikaadimika, na baadaye benki iliyotunza akiba yake ikafungwa na fedha zake. Mapema mwaka 1930 alipata kazi katika maabara ya daktari Alfred Blalock, katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Alidhani ni kazi ya muda. Katika muda mfupi mikono iliyozoea randa na patasi ilikuwa inashona mishipa ya damu ya wanyama wa majaribio kwa ustadi ambao madaktari vijana hawakuwa nao. Hata hivyo katika daftari za mishahara aliandikwa kuwa mfagizi, kwa sababu mtu mweusi hakuwekewa cheo kingine.

Mwaka 1941 Blalock aliitwa Johns Hopkins, hospitali ile ile ya Halsted, akakataa kwenda bila ya Thomas. Baltimore ilikuwa mji wa ubaguzi. Mtu mweusi aliyepita katika kumbi za hospitali amevaa koti jeupe la maabara aligeukiwa na watu kama ajabu. Huko daktari Helen Taussig aliwaletea tatizo la watoto waliozaliwa na moyo wenye kasoro, ambao damu yao haikufika mapafuni ya kutosha, hata midomo na kucha zao zikawa na rangi ya samawati. Wengi wao walikufa wakiwa wadogo. Ilionekana kwamba pengine mshipa upelekao damu mkononi ungeweza kugeuzwa na kuunganishwa na mshipa wa mapafu. Neno "pengine" lilihitaji kazi ya miezi mingi, na kazi hiyo aliifanya Thomas. Aliwapasua mbwa wa majaribio, akairudia kazi hadi njia ikajulikana, akazifupisha na kuzinoa sindano kwa kuwa zilizokuwako zilikuwa kubwa mno kwa mishipa ya mtoto.

Tarehe 29 Novemba 1944 mtoto wa kike wa miezi 15 alilazwa mezani. Blalock alikuwa ndiye mpasuaji. Alimwamuru Thomas asimame juu ya kijukwaa nyuma ya bega lake, na kila mara aliuliza: je, mkato huu unatosha? je, uzi huu umekwenda upande ufaao? Thomas alikuwa ameifanya kazi ile mara nyingi. Bwana wake hakuwa ameifanya peke yake hata mara moja. Upasuaji ulifaulu. Mtoto yule hakuishi miaka mingi, lakini baada yake walikuja watoto wengine kwa mamia, kutoka nchi nyingi, na wakarudi kwao na rangi yao ya kawaida.

Maelezo ya upasuaji huo yalipochapishwa mwaka 1945 yalitiwa sahihi na Blalock na Taussig. Jina la Thomas halikuwamo. Mshahara wake ulikuwa mdogo hata aliwahi kutumika jioni kama mgawa vinywaji katika karamu za Blalock, akiwahudumia watu aliowafundisha asubuhi jinsi ya kushona mishipa. Ndivyo ulivyokuwa wakati ule, na hakuna haja ya kuupamba. Mwaka 1971 wapasuaji aliowafundisha waliagiza picha yake ichorwe na kutundikwa hospitalini. Mwaka 1976 Chuo Kikuu kilimpa shahada ya heshima. Ilikuwa ya sheria, si ya utabibu. Alifariki mwaka 1985.

Nimekaa juu ya habari hizi kwa makusudi. Mtu akiuliza kwa nini Wamarekani walisumbuka kuweka chuo na mtihani kwa ajili ya kazi ambayo kijana mwerevu angeweza kujifunza kwa kutazama, jibu moja ni usalama wa mgonjwa, na jibu la pili limo katika daftari lile la mishahara. Kazi isiyokuwa na jina humwacha mwenye nayo aitwe lolote ambalo bwana wake atapenda.

Walakini kuipa jina haikuwa jambo jepesi. Wauguzi wengi hawakupendezwa. Walihoji kwamba chumba cha upasuaji ni mahali pa muuguzi, na kwamba mtu aliyefundishwa kushika vyombo tu hataijua hali ya mgonjwa ikibadilika ghafula. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, na ndiyo sababu hata leo katika hospitali za Marekani muuguzi hubaki chumbani, akizunguka nje ya eneo lililotakaswa, akiandika, akileta vitu, na akihesabu pamoja na fundi. Baada ya mabishano, wauguzi wenyewe waliona ni heri mafundi wafundishwe vizuri kuliko wafundishwe ovyo. Mwaka 1967 chama cha wauguzi wa vyumba vya upasuaji kilitoa kitabu cha kuwaongoza walimu wa mafundi. Mwaka 1969 kikazaliwa chama cha mafundi, chini ya ulezi wa wauguzi hao. Mtihani wa kwanza wa cheti ulifanywa mwaka 1970. Mwaka 1973 chama cha mafundi kikajitegemea, na mwaka 1978 kikabadili jina: wanachama wake hawakutaka tena kuitwa watumishi wa chumba, bali wataalamu wa upasuaji. Mtu aweza kucheka kwamba ni neno tu limebadilika. Thomas asingecheka.

Ilibaki kupata mahali pa kufundishia, na mahali hapo palikuwa tayari. Mwaka 1901, katika mji wa Joliet jimboni Illinois, wakuu wa elimu walifungua chuo kidogo chenye wanafunzi sita, ili vijana wapate masomo ya miaka miwili baada ya sekondari bila kwenda mbali na nyumbani. Vyuo vya namna hiyo viliongezeka taratibu. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia ada askari waliorudi vitani. Mwaka 1947 tume iliyoteuliwa na Rais Truman ilipendekeza kwamba vyuo hivyo vijengwe kila upande wa nchi, vitoze ada ndogo au visitoze kabisa, na vifundishe yale ambayo watu wa mahali pale wanayahitaji. Tume hiyo ndiyo iliyoeneza jina la vyuo vya jamii. Katika miaka ya 1960 vilifunguliwa kwa mamia.

Chuo cha jamii na kazi ya fundi wa upasuaji vilifaana kama kitasa na ufunguo wake. Chuo kilikuwa na madarasa na maabara lakini hakikuwa na wagonjwa. Hospitali ya jirani ilikuwa na wagonjwa lakini haikuwa na nafasi ya kufundisha viini vya maradhi na mifupa ya mwili. Wakaafikiana. Mwanafunzi angesoma chuoni na kujizoeza hospitalini. Kwa kuwa chuo kiko karibu, wanaosoma hapo si vijana waliotoka shule tu. Wamo mama wenye watoto, askari wa zamani, wafanyakazi waliochoka na kazi nyingine, na wahamiaji kutoka nchi nyingi, pamoja na za Afrika ya Mashariki.

Mafunzo huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Mwanafunzi husoma kwanza umbile la mwili na utendaji wake, viini vya maradhi, dawa, na lugha ya kitabibu, ambayo maneno yake mengi yana mizizi ya Kiyunani na Kilatini. Kisha huingia katika chumba cha mazoezi kilichowekwa mfano wa chumba cha upasuaji, chenye meza, taa na vyombo vya kweli, ila mgonjwa ni sanamu. Huko hujifunza majina ya vyombo, na vyombo ni vingi sana: mikasi ya kukata nyuzi na mikasi ya kukata nyama laini, koleo za kubana mishipa, za kushika matumbo, za kushika ngozi, vishikio vya sindano, vipanua kidonda vya kila umbo. Hapaswi kuvijua kwa macho tu. Hupaswa kujua ni kipi kitakachoitwa baada ya kipi, kwa sababu fundi mzuri hangoji kuitwa. Huutazama mkono wa daktari na kidonda, na mkono unapofunguka koleo limekwisha kutua kiganjani, mpini mbele, kwa nguvu ya kutosha ili daktari alihisi bila kugeuza macho.

Kisha huenda hospitalini. Mtaala mkuu wa chama cha mafundi unamtaka mwanafunzi ashiriki katika upasuaji usiopungua 120 kabla ya kumaliza, nao ni lazima uwe wa namna mbalimbali, na katika sehemu kubwa yake awe yeye ndiye mshika vyombo mkuu. Siku za mwanzo ni ngumu. Miguu huuma kwa kusimama, pua huwasha na haikunwi, mikono haishushwi chini ya kiuno wala haipandi juu ya mabega, na mgongo wa joho, ingawa lilitoka limetakaswa, huhesabiwa kuwa mchafu kwa kuwa mwenyewe haoni kilichougusa.

Lakini vyombo na mikono si kiini cha mafunzo hayo. Kiini ni kile ambacho walimu wa kazi hii hukiita dhamiri ya upasuaji. Fikiri, msomaji. Ni usiku wa manane, upasuaji umechukua saa tano, daktari amechoka na ana hasira. Fundi mwanafunzi anageuka, na ncha ya kidole chake inagusa ukingo wa meza usiotakaswa. Glavu haikutoboka. Hakuna aliyeona. Akinyamaza, yamkini hakuna litakalotokea. Na likitokea, mgonjwa ataugua siku kadha baadaye, wala hakuna atakayejua chanzo. Anatakiwa aseme pale pale, kwa sauti, kwamba amejichafua, asimamishe kazi yake, abadili glavu, na avumilie macho ya watu wote. Mtihani wa karatasi hauwezi kulipima jambo hili. Ndiyo maana 120 ni nyingi: katika nyingi hizo kidole kitagusa.

Hesabu ni tawi la dhamiri hiyo hiyo. Fundi na muuguzi huhesabu pamoja, kwa sauti, kila mmoja akivitazama vitu vyenyewe: kabla ya kazi kuanza, tena kabla ya tumbo kufungwa, na tena ngozi inapofungwa. Vitambaa hushonewa uzi unaoonekana katika picha ya eksirei, ili kimoja kikipotea kitafutwe. Hesabu isipolingana daktari huambiwa, hata kama ni mkuu wa hospitali nzima, na ni juu yake kungoja mpaka kitafutwe. Katika chumba kile pana saa ambapo neno la mwenye elimu ya miaka miwili humzuia mwenye elimu ya miaka kumi na zaidi.

Mabishano hayajakwisha. Katika majimbo kadhaa ya Marekani sheria inamlazimu fundi awe amehitimu mafunzo yanayotambuliwa au awe na cheti. Katika mengine hakuna sheria ya namna hiyo, na hospitali yaweza kumfundisha mtu yenyewe kama zamani. Chama cha mafundi huomba sheria ipitishwe kila jimbo. Wanaopinga husema kwamba hospitali ndogo za mashambani, zilizo mbali na chuo chochote, zitakosa watu, na upasuaji wa dharura utaahirishwa kwa kukosa mwenye cheti. Wengine hujibu kwamba mgonjwa wa shamba ana tumbo kama la mgonjwa wa mjini. Majeshi, ambayo ndiyo yaliyoanzisha mambo haya, hayakuacha kufundisha: tangu mwaka 2010 mafundi wa upasuaji wa jeshi la nchi kavu, la majini na la anga wamekuwa wakifundishwa katika shule moja mjini San Antonio, jimboni Texas, na wengi wao wamalizapo utumishi huenda kutafuta kazi katika hospitali za raia.